Jina la Sabit Katika Orodha ya Waliofilisika

Rauza Toktarova alikutwa amelala kifudifudi jikoni mwake, katika ghorofa moja mjini Taraz. Kisogo kilikuwa kimepasuka. Kando yake palikuwa na mti wa kusukumia unga, umelowa damu.

Inspekta Zhamal Bekenova alianza na meza. Mabakuli mawili ya chai ya maziwa. La mgeni lilikuwa na chai kidogo tu chini.

"Mlango haukuvunjwa," alisema mtaalamu wa alama za vidole.

"Ungevunjwa wa nini? Mgeni usiyemtaka unamjazia bakuli pomoni, anywe aende zake. Huyu alimiminiwa kidogo kidogo. Alitakiwa akae."

Kompyuta ilikuwa bado wazi kwenye tovuti ya serikali yenye orodha ya raia waliofilisika, ambayo yeyote anaweza kuipekua. Rauza alikuwa ameandika jina moja: Sabit Toktarov. Mdogo wake wa pekee.

Jirani, Mama Bibigul, alikuwa akilia mlangoni.

"Sabit? Maskini, naye ana msiba wake. Juzi wakwe walikuja kuchukua hereni za uchumba walizomvisha binti yake. Harusi imekufa."

"Kisa?"

"Muulize mama wa bwana harusi. Kalamkas ana mdomo, atakwambia."

Inspekta alimpigia simu Kalamkas, kisha akaagiza Sabit aletwe kituoni.

Alikuwa mwanamume wa makamo, mikono mikubwa ya fundi wa matairi. Hakukaa mpaka alipoamriwa.

"Mara ya mwisho ulimwona dada yako lini?"

"Sikukuu ya mwaka mpya, Nauruzi."

"Alama za vidole vyako ziko kwenye bakuli."

"Ni kwa dada yangu pale. Nimekunywa sana chai kwake."

"Ziko pia kwenye mti wa kusukumia unga. Na huo nao ulikuwa ukiunywa?"

Sabit akainamisha kichwa.

"Duka lilikufa," alisema. "Nikaomba nitangazwe muflisi. Sikumwambia mtu, hata mke wangu. Nilisema mtoto aolewe kwanza, aibu itakuja baadaye. Wakaja kumvua binti yangu hereni mbele ya majirani! Nikaenda kwa dada. Nikakuta jina langu limekaa pale kwenye kompyuta."

"Ukamwuliza?"

"Nilimwambia, 'Kumbe ni wewe uliyenichongea.' Akasema, 'Kaa, Sabit, unywe chai, tuzungumze.' Chai! Mwanangu kavuliwa hereni, yeye ananimiminia chai. Akanipa mgongo kufuata maziwa. Nikaokota kilichokuwa karibu."

"Mara ngapi?"

"Sijui. Andika nyingi."

Inspekta aliweka kalamu chini.

"Nimezungumza na Kalamkas. Aliipekua orodha mwenyewe, kama anavyompekua kila anayetaka kuunga naye undugu. Hakuchongewa na mtu."

"Muongo."

"Dada yako alimpigia simu kumsihi asivunje harusi. Akaambiwa wewe ni muflisi. Akabisha. Alisema, 'Mdogo wangu hawezi kunificha jambo kama hilo.' Kalamkas akamjibu, 'Basi kaangalie kwa macho yako.' Ndipo akaangalia. Saa hiyohiyo wewe ukabisha hodi."

Sabit aliitazama mikono yake mikubwa.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Ulimpa nafasi?"

Akasaini maelezo yake bila kuyasoma.

"Inspekta," alisema, "Rauza hana mume wala mwana. Ndugu wa kiume wa kumtupia udongo kaburini ni mimi peke yangu. Nipeleke nimzike dada yangu."

Inspekta Bekenova aliyaweka maelezo kwenye jalada. Miaka ishirini kazini, hakuwahi kuombwa ombi kama hilo na muuaji wa marehemu mwenyewe. Akamgeukia askari wa zamu.

"Andaa gari, tunampeleka makaburini."

"Nimfungue, afande?"

"Usimfungue. Udongo utashikika hata kwa mikono yenye pingu."