Asiyeelewa Abaki

Ukipanga nyumba Kibera, uliza kodi, uliza maji, uliza stima. Halafu uliza ukuta wa nyuma umepakana na nini. Mwalimu Opondo hakuuliza. Alikuwa amehamia kutoka Kawangware na sifa zake za kujua kila kitu, na mjuaji, kama ujuavyo, ni mgumu wa kuuliza.

Chumba alichopata mtaa wa Makina, humo humo Kibera, kilikuwa cha mabati, kipana, kodi yake rahisi ajabu. Akakigeuza darasa la tuisheni ya jioni. Nyuma ya ukuta kulikuwa na kaburi la Sheikh Marjan, limefunikwa kitambaa cha kijani, ambapo Wanubi walikuja kila Alhamisi kusoma dua na kufukiza udi. Opondo, mtu wa Siaya na wa kanisa, aliona hao ni majirani watulivu tu.

Jioni moja akauliza darasa, nusu ya robo ni ngapi? Watoto wakaanza kuhesabu vidoleni. Benchi la nyuma, ambalo halikuwa na mtu, likajibu, "Nusu." Ilikuwa sauti ya chini, ya adabu.

"Si nusu. Ni moja kwa nane," Opondo akasema, kisha akageuka kuona amemjibu nani. Akajiambia ni mwangwi wa mabati.

Sasa, mwalimu huyu alikuwa na desturi yake. Kila akimaliza somo alipiga meza na kusema, "Aliyeelewa aende nyumbani. Asiyeelewa abaki." Na aliyebaki kila siku ni binti yake mwenyewe, Audrey, wa Gredi ya Sita, mtihani umekaribia na hesabu za sehemu zinamshinda. Opondo aliona aibu. Mtoto wa mwalimu awe wa mwisho? Hata kumwita Baba mle ndani alimkataza. Alitakiwa kusema Mwalimu kama wengine. Mwishowe akamhamishia benchi la nyuma, akae peke yake afikirie.

Harufu ya udi ikaanza kuingia hata siku zisizo Alhamisi. Siku moja Opondo alitaka kusogeza benchi la nyuma afagie, likakataa kama limekaliwa. Na jioni nyingine, wenzake Audrey wameshaondoka na jua bado limejaa mlangoni, aligeuka kutoka ubaoni akamwona binti yake amejibana kwenye ncha ya benchi, vile mtu anavyowapisha wengine wakae, anacheka chini kwa chini na hewa tupu iliyo ubavuni mwake, huku mabati ya upande wa kaburi yakiingia na kutoka, yakipumua, ilhali nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa nguo kwenye kamba, na kila pembe ya chumba sauti zile za adabu zikirudia, "Nusu. Nusu. Nusu."

Chaki ilimponyoka. Alitoka nje akamwacha mtoto, na hilo hakumwambia mkewe.

Mkewe, Seline, muuza dagaa wa omena huko Laini Saba, alikuwa ameona yake. "Baba Audrey, huyu mtoto haongei tena nyumbani," alisema kwa sauti ndogo. "Nikimwita anasema ngoja, wenzangu hawajamaliza. Wenzake gani?"

Kesho yake Seline alienda darasani kumchukua. Alimvuta mkono. Mtoto mwembamba vile, na hakusogea hata kidogo. Ndipo Seline akakimbia kumwita Habuba Kaltuma, nyanya wa Kinubi anayefagia kaburi.

Habuba alisimama mlangoni, kando ya Opondo, akanusa, akakataa kuingia.

"Sheikh alikuwa na wanafunzi aina mbili," alisema. "Asubuhi watoto wetu. Baada ya alasiri alikaa hapa hapa, mbele ya mkeka mtupu, anasomesha. Watu walimcheka, mpaka walipoona mkeka unabonyea. Majini, mwalimu. Walimpenda sana. Kila siku alifunga somo kwa Fatiha, akawaruhusu waende. Siku aliyokufa alianguka katikati ya somo, na hakuna aliyewaruhusu. Sisi tunawasomea kaburini, wanatulia. Halafu ukaja wewe, ukasema asiyeelewa abaki."

"Nilikuwa nawaambia watoto," Opondo akanong'ona.

"Wao walisikia mwalimu. Waruhusu. Lakini kwanza mtoe binti yako, umwite kwa jina. Ukikosea, humpati tena."

Opondo aliingia. Moshi wa udi ulikuwa umejaa asione hata mkono wake.

"Audrey."

"Niko, Mwalimu," benchi la nyuma likajibu.

"Niko, Mwalimu," kutoka ubaoni.

"Niko, Mwalimu," sikioni pake. Zote zilikuwa sauti za Audrey, na Opondo, baba aliyemzaa, hakuweza kuzitenganisha. Machozi yakamtoka. Kisha mkono mdogo ukaingia katika mkono wake, una vumbi la chaki. Akaushika kwa nguvu zote.

"Somo limeisha," akasema. "Nendeni."

Mabenchi yakalia. Miguu mingi ikampita taratibu, kwa heshima. Moshi ukapungua, mabati yakatulia, na mlangoni Seline akamkumbatia mtoto wake huku akilia.

Nyumbani akampakulia ugali na omena. Audrey alikaa wima, hakugusa sahani, kana kwamba anasubiri ruhusa.

"Haya," Opondo akamtania kwa furaha. "Nusu ya robo ni ngapi?"

"Nusu," mtoto akasema kwa adabu.

Opondo aliinuka bila viatu, akakimbia hadi Makina. Akafungua kufuli. Chumba kilikuwa kitupu. Alilisukuma benchi la nyuma kwa goti, likateleza jepesi. Alikuwa anageuka kuondoka aliposikia kucha zinakwaruza mabati, upande wa kaburi.

"Baba," sauti ikaita. "Nimeelewa. Ni moja kwa nane. Sasa niende nyumbani?"