Kopo Lililofunikwa Bichi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chapuchapu alifagia jiko, akachota unga wa uji na kumwamsha bibi. Jina hilo alipewa na baba yake, kwa sababu hakuna kazi iliyowahi kumchukua dakika kumi. Sare yake aliipiga pasi upande wa mbele tu, ule unaoonekana na mwalimu.

Wiki hiyo nyumba nzima ilikuwa na furaha. Mama alikuwa hospitalini, amejifungua mtoto wa kiume, naye angerudi Jumamosi. Baba, ambaye ni seremala, alikuwa amemaliza rafu za jikoni alizomwahidi mama tangu mwaka jana. Bibi alitaka mkwe wake akute rafu hizo zimejaa vyakula, apumzike bila kuwaza kesho atapika nini.

Jumapili baba na bibi walileta unga wa mahindi, mchele, maharage, sukari, chumvi na mafuta. Bibi akamkabidhi mjukuu wake makopo matatu makubwa ya bati.

"Yaoshe, yafute, uyaanike mpaka kesho. Ndipo tutie vyakula."

"Mpaka kesho, bibi? Jua lenyewe hili linakausha hata mawazo!"

"Mpaka kesho," bibi alirudia, akajitanda kanga yake na kwenda kumtazama mama.

Nje, wasichana wenzake walikuwa wameshaanza kuruka kamba. Chapuchapu aliyaosha makopo, akayapitisha kitambaa juu juu, kisha akamimina unga kwenye kopo la kwanza na maharage kwenye kopo la pili. Mchele aliona uvivu kuumimina, akautumbukiza na mfuko wake. Akafunika yote, akayapanga kwenye rafu, akakimbilia kamba.

Bibi aliporudi alishangaa. "Makopo yamekauka mara hii?"

"Yamekauka kabisa, bibi!"

Bibi alimtazama kidogo, kisha akamsifu kwa kupanga vizuri. Sifa hizo hazikumkaa vizuri Chapuchapu, lakini alizipokea.

Siku zilizofuata walimalizia unga wa zamani. Ijumaa asubuhi Chapuchapu akafungua kopo jipya kwa mara ya kwanza. Harufu ya uvundo ikampiga puani. Alichimba kwa mwiko mrefu hadi chini, ukaibuka na donge la kijani.

Juu, unga ulikuwa mweupe. Angeweza kufunika, akachota wa juu, na wala asijulikane kwa wiki nzima. Lakini kesho bibi angemkorogea mama uji kutoka kopo hilohilo. Chapuchapu alivaa mkoba, akafika mlangoni, akarudi. Aliogopa sana.

Bibi alikuwa uani akimenya viazi.

"Bibi, nilikudanganya. Makopo hayakukauka. Sikuyaanika hata kidogo. Unga umeota ukungu."

Bibi aliweka kisu chini. Hakupiga kelele, na hilo lilimuumiza Chapuchapu zaidi. Waliingia jikoni, bibi akanusa kopo.

"Huu hauliwi tena."

"Tuchekeche, bibi? Wa juu ni mzuri."

"Chekeche inatoa wadudu, mwanangu, haitoi sumu. Ukungu unafika hata pale jicho lisipoona. Wote unakwenda shimoni."

Chapuchapu akaanza kulia. Bibi alikuwa tayari ameshafungua kopo la maharage. Ya chini yalikuwa na unyevu, mengine yamevimba, lakini hayakuwa na ukungu wala harufu.

"Haya tumeyawahi. Lete mkeka."

Walichambua yaliyovimba wakayaweka kando yapikwe siku hiyohiyo, yaliyobaki wakayatandaza juani. Kisha bibi akafungua kopo la mchele. Mfuko ulikuwa mzima, mchele mkavu.

"Kumbe leo uvivu wako umetuokolea mchele," alisema bibi, na Chapuchapu akacheka huku machozi yakimtiririka.

Kabla ya kwenda shule aliyaosha makopo upya, akayafuta hadi pembeni, akayalaza juani. Jumamosi alfajiri alienda na baba kusagisha mahindi, akabeba unga mwenyewe kichwani. Kabla ya kumimina chochote, alitia mkono ndani ya kila kopo na kupapasa chini.

Mchana mama alifika na mtoto kifuani. Alisimama mbele ya rafu, macho yakamng'aa.

"Nani amenipangia jiko hivi?"

"Mimi, mama," alisema Chapuchapu. "Mara mbili." Akamsimulia yote, hata ile sehemu ya kusema uongo.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamvuta karibu. Bibi ndiye aliyesema:

"Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ungenyamaza mpaka leo, maharage nayo yangeoza, na mama yako angekunywa uji wa sumu. Kazi ya jikoni ni afya ya watu, haipendi njia ya mkato. Na ukikosea, sema mapema, wakati bado kuna cha kuokoa."

Uji ukaja, moto na mzito. Mama alikunywa hadi akakwangua kikombe.

"Niongezee, mwanangu."

Chapuchapu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akaelekea jikoni polepole asije akajikwaa.

"Mbona leo taratibu?" baba alimtania. "Tukubadilishe jina?"

"Bado, baba," alijibu bila kugeuka. "Kwenye kuruka kamba jina ni lilelile."