Sahihi ya Tatu

Ndugu zangu mnaoishi ukuta kwa ukuta na watu wengine, someni habari hii bila haraka, kisha kila mmoja amtazame jirani yake.

Nyumba yetu ilikuwa na vyumba vinane, kaya nne na ua mmoja katikati. Asubuhi zake zilikuwa za kupendeza. Dereva mstaafu wa malori alifagia ua wote, hata mbele ya milango isiyo yake. Mkewe, fundi cherehani tuliyemwita Mama Kola kwa sababu hakuna aliyemshinda kushona kola ya shati, alipiga pasi huku akiimba. Kinyozi alifungua duka lake upande wa barabarani, nami nikapanga saa zangu mezani, maana kazi yangu ni kutengeneza saa. Kwenye chumba kilichopakana na cha Mama Kola alikaa fundi bati, mgane asiye na mtoto, mtengenezaji wa ndoo na masanduku. Yeye alianza siku kwa sigara, akiwa ameketi mlangoni kwake.

Manispaa ikabandika sheria mpya kwenye geti letu. Watu walizipita kama mapambo, kwa hiyo niliwasomea kwa sauti. Ya kwanza ilikataza kelele za kazi kabla ya saa mbili asubuhi na baada ya saa kumi na mbili jioni. Ya pili ilikataza kuvuta sigara karibu na mlango au dirisha la mtu mwingine. Ya tatu ilihusu dharura ya akili: mgonjwa asipigwe, asifungwe kamba, asichekwe; aitwe muuguzi wa manispaa. Majirani watatu wa nyumba ileile, wasio ndugu zake, wakithibitisha kwa sahihi kwamba mtu huyo ni hatari kwake mwenyewe au kwa wengine, atapelekwa hospitali kuangaliwa kwa siku tatu.

Ni sheria nzuri. Nilisema hivyo siku ile, na bado nasema hivyo. Ubaya ulikuwa kwetu sisi.

Siku moja bibi harusi alikuja kuchukua gauni lake. Shangazi yake alilinusa, akalitupa juu ya meza. "Mama Kola, hili gauni au kitambaa cha kufutia majivu? Linanuka sigara mpaka kwenye pindo!" Wakaondoka bila gauni, na habari ikafika kwa wateja wengine kabla ya jioni.

Mama Kola alimwendea fundi bati. "Kaka, moshi wako umeniharibia kazi."

"Dada, ungefunga dirisha."

Jibu hilo ndilo lililowasha moto. Kesho yake alimleta askari wa manispaa. Askari yule, kijana mwenye kiburi, alimwamuru fundi bati aokote vichungi vyote vya sigara uani, kimoja kimoja, mbele yetu sote. Mtu wa miaka hamsini na tano! Mama Kola alisimama na kikombe chake cha chai, akimwelekeza kwa kidole.

"Kile pale, umekisahau. Na kile. Inama vizuri, kaka, usije ukavunja kiuno."

Tulicheka. Naandika ili mjue: tulicheka.

Asubuhi iliyofuata, ilipobaki dakika tano kufika saa mbili, fundi bati alisimama mbele ya meza yangu, nyundo mkononi.

"Mzee Saa, tayari?"

"Bado."

Akasubiri. "Sasa?"

"Sasa."

Akaenda akaegemeza pipa tupu kwenye ukuta wa Mama Kola, akaanza kuligonga. Hapakuwa na mteja aliyeagiza kitu chochote. Aligonga mpaka saa kumi na mbili kamili jioni, akaacha, akanipungia mkono kama mfanyakazi anayeaga ofisini. Askari alipokuja, fundi alimwonyesha karatasi iliyobandikwa getini. "Afande, nimevunja saa gani?" Askari akaisoma, akaondoka.

Mambo yakawa hivyo wiki mbili. Cherehani ya Mama Kola ilitetemeka, mikono ya mashati ikatoka mifupi, vichwa vikatuuma wote. Mumewe alimsihi, "Mke wangu, nenda ukanywe naye chai yaishe."

"Chai? Huyu nitamnywesha kitu kingine."

Fundi bati alikuwa na tabia ya kulisemesha lile pipa. Alilipa jina la jirani yake. "Unasikia, Mama Kola? Chukua hii! Na hii!" Mama Kola alisikia, akatabasamu. Mchana akaja kwetu na fomu ya manispaa.

"Mtu mzima anagombana na pipa," alisema. "Hiyo si dharura?"

Kinyozi alicheka, akatia sahihi. "Wacha akapumzike kidogo, na sisi tupumzike."

Nami nilijua. Niliisoma sheria ile kwa mdomo wangu mwenyewe, nikaieleza kila neno. Lakini kichwa kilikuwa kinaniuma, nikatia sahihi. Ya Mama Kola ilikuwa ya tatu.

Watu wa manispaa walimchukua kesho yake adhuhuri, wateja wakiwa wamejaa barabarani. Alipopiga kelele kwamba yeye ni mzima, watu walitingisha vichwa, kwa sababu kila mtu anaamini kwamba hivyo ndivyo wasemavyo wagonjwa. Aliyemtetea ni mmoja tu, mume wa Mama Kola. Alimfuata hadi kwenye gari na viatu vyake, maana walimchukua pekupeku.

"Huyu si mgonjwa," alimwambia muuguzi. "Ana hasira. Hata mimi ningekuwa nayo."

Mkewe alimvuta shati akamrudisha ndani.

Baada ya siku tatu fundi bati alirudi na barua ya daktari kwamba akili zake ni timamu. Nani aliiomba aisome? Mtaa ulikwisha kumbatiza jina jipya: Siku Tatu. "Siku Tatu, ndoo yangu tayari?" "Usimuudhi Siku Tatu, ana nyundo!" Wateja wakapungua. Yeye hakugombana na mtu. Pipa alilitoa ukutani, na sigara akawa anakwenda kuvutia nje kabisa, ng'ambo ya barabara. Kinyozi alidhani mambo yamekwisha.

"Fundi, umetusamehe, eeh?"

"Nina kumbukumbu nzuri," akajibu, akaendelea kukata bati.

Ilipita nusu mwaka. Yule dereva mstaafu, mtu mpole kuliko sote, akaanza kubadilika. Alikaa siku nzima bila kula. Alisema bohari inamwita, kwamba lori lake limepakiwa dawa za watoto na linamsubiri. Mara mbili alitoka akasimama katikati ya barabara kuu kulingoja, magari yakamkwepa kwa kudra ya Mungu. Mkewe alimfungia ndani, akatuambia ana homa. Aliona haya. Alijua jinsi mtaa wetu unavyowacheka watu wa namna hiyo, kwa kuwa yeye ndiye aliyetufundisha.

Aliposhindwa kabisa, alimwita muuguzi. Ilikuwa asubuhi. Binti yao, mwalimu wa chekechea, alikuwa amemshika baba yake mikono yote miwili. Kinyozi alitia sahihi, nami nikatia. Mke na binti hawakuruhusiwa, ni ndugu. Nyumba nzima ilikuwa imebakiza mtu mzima mmoja.

Mama Kola alikwenda mwenyewe mlangoni kwa fundi bati, fomu mkononi, nasi nyuma yake.

"Kaka, nakuomba. Sahihi moja tu."

"Ya nani? Ya Siku Tatu?" Hakuacha kazi yake. "Mimi si kichaa? Neno la kichaa lina uzito gani serikalini?"

"Una barua ya daktari," muuguzi akasema. "Sahihi yako inakubalika."

"Barua ipo. Hawa hawajawahi kuitaka kuiona."

Mama Kola alipiga goti uani, mbele yetu sote. Fundi bati alimtazama kwa muda mrefu, kama mtu anayekula taratibu chakula alichokingoja.

"Goti moja hilo. Jingine umelisahau. Piga vizuri, dada, usije ukavunja kiuno."

Akapiga magoti yote mawili. Fundi bati akaingia ndani akafunga mlango.

Binti alipiga mlango kwa viganja. "Baba mdogo, si kwa ajili ya mama! Ni kwa ajili ya baba! Yeye ndiye aliyekuletea viatu!" Mlango haukufunguka.

Muuguzi alisema bila sahihi ya tatu itabidi daktari aje mwenyewe, naye yuko kituo kingine. Watarudi saa nane mchana. Tulimfungia mgonjwa kwenye chumba cha pasi. Hatukukumbuka dirisha la nyuma. Saa saba kasoro robo tulisikia breki barabara kuu, kisha kelele za watu. Lori lililomgonga lilikuwa limebeba saruji.

Fundi bati alikuwapo pale kabla yetu, ameshika ile barua ya daktari. Alisema alikuwa njiani kumtafuta muuguzi, atie sahihi. Sijui kama ni kweli. Nilimwona akikimbia, lakini sote tulikuwa tukikimbia.

Daktari alifika saa nane kamili.

Mnadhani waligutuka? Wiki ya tatu baada ya mazishi, Mama Kola alimshitaki fundi bati manispaa kwa kumnyima mgonjwa msaada. Fundi bati naye akatushitaki watatu kwa sahihi za uongo. Waliketi kwenye benchi moja wakisubiri kuitwa, kila mmoja na karatasi zake, kila mmoja akitamani mwenzake aoze. Binti alikuja kumuaga mama yake palepale barazani, begi mkononi. Aliwatazama wote wawili.

"Endeleeni tu," alisema. "Sasa mmebaki wenyewe. Mnatoshana."

Akaondoka. Hajarudi mpaka leo, na simu ya mama yake haipokei.

MAFUNZO

Sheria ya kumlinda mgonjwa si fimbo ya kumpigia jirani. Ukimwita mzima kichaa ili umkomeshe, siku mgonjwa wa kweli atakapopatikana nyumbani mwako, utakuwa umekwisha kuwafundisha watu kucheka na kutokuamini. Na wewe unayelipiza, angalia vizuri unayempiga. Fundi bati alimlenga mke akamuua mume. Kuhusu kelele na sigara, semeni mapema na kwa adabu, kabla ya kumwita askari.

Zaidi ya yote, ukiletewa fomu utie sahihi juu ya akili ya mtu, usiitie ukiwa umeketi mezani kwako. Inuka, nenda ukamwone mwenyewe, kaa naye, muulize ameamkaje. Mimi sikwenda. Alikuwa ng'ambo ya ua tu.