Wa Kiti cha Mbele

Jua lilikuwa linazama Elisée aliposukuma ndege yake nje ya hanga, uwanjani Kolwezi. Alitaka kuijaribu dakika kumi tu. Kesho yake kulikuwa na maonyesho.

Mama Agnès, mfagiaji wa uwanja, alimsihi asiruke. Elisée akacheka puani. Tangu arudi kutoka masomoni ng'ambo aliwadharau watu wa kwao, wenye kuogopa bundi, wenye kusema wachawi hupaa kwa ungo. Ungo una mota ya nguvu gani? Ndege ni hii yake: bawa juu ya bawa, mafupi, yamechongwa sawa juu na chini ili iruke hata kichwa chini. Viti viwili. Rubani hukaa cha nyuma.

"Basi usiipindue, tata," mama akanong'ona. "Ule wa mbele hajafunga mukaba."

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu, mkanda wake umelala wazi.

"Fagia, mama," akamjibu, akawasha mota.

Akiwa peke yake, ndege ile hupanda mita mia nane kwa dakika. Akatazama saa. Dakika ikaisha... mita mia sita.

Kama imebeba wawili.

Akailaani petroli, akamlaani na aliyeiuza. Ndipo harufu ikamjia, ya udongo mbichi wa shimoni. Usukani ukasita mkononi, kana kwamba mwingine ameushika kule mbele.

Ushamba, akajiambia. Kwa hasira, akaipindua.

Mkanda ukambana mabegani. Nyumba za Kapata zikaning'inia juu ya kichwa chake...

Kitu kikakwaruza bati la ndege. Polepole. Kama kucha.

Kisha kikaachia.

Ndege ikawa nyepesi ghafla.

Alitua mara moja. Mama Agnès hakuuliza kama yu mzima. Aliuliza, "Umemwangusha wapi?"

Elisée akaangalia kiti cha mbele. Simu ikalia. Alikuwa Jémima, mkewe, kutoka nyumbani kwao Kapata. Alilalamika kwa sauti ya chini kwamba hakuambiwa kuna mgeni.

"Alikuwa ku barza, udongo mwili muzima," akasema. "Anasema mulikuja pamoja."

Elisée akamwambia afunge mlango. Sasa hivi.



"Nifunge namna gani? Ameshaingia."