Sauti ya Bibi Kwenye Kanda

Mama ni mshonaji. Cherehani yake iko sebuleni, karibu na dirisha. Kila asubuhi huwasha redio yake kuukuu ya kanda. Kwenye kanda hiyo, marehemu mama yake anasimulia hadithi.

"Zamani nyumba nzima ilikuwa na redio moja," Mama hupenda kusema. "Tuliizunguka wote. Siku hizi kila mtu na simu yake, masikio yameshonwa kwa waya!"

Binti yake hucheka tu, huku visikizio viko masikioni.

Siku moja sauti ya Bibi ilianza kuvutika. Ikawa nzito. Kisha kimya. Mama alifungua redio. Utepe mwembamba wa kanda ulikuwa umejisokota ndani.

"Vuta taratibu, Mama."

"Na ukikatika? Sina nyingine, mwanangu."

Wakaibeba redio nzima mpaka kwa jirani yao, fundi redio.

"Afadhali hamkuvuta," fundi alisema. Alifungua skrubu, akautoa utepe kidogo kidogo, akaurudisha kwa kuzungusha kalamu kwenye tundu la kanda. "Mnaona madoa haya? Ni ukungu. Kanda haitaki joto wala unyevu. Tena huzeeka, kama mimi na wewe."

"Basi ndiyo imekwisha?" Mama aliuliza.

"Wapi! Nitaisafisha, kisha tuinakili kwenye simu. Lakini wekeni nakala mahali pawili. Simu nayo hupotea."

Aliunganisha redio nyingine na simu ya binti kwa waya. Kanda ikazunguka nusu saa. Mama aliinamia redio mpaka Bibi alipomaliza hadithi. Ndipo akashusha pumzi.

"Fundi, umenirudishia mama yangu."

Waliporudi nyumbani, binti alimtumia mjomba wake nakala ya pili. Mjomba anaishi mbali. Hata saa haikupita, akampigia Mama simu.

"Dada! Umesikia pale katikati? Mama yetu anafoka, 'Wewe, acha kugonga sufuria, narekodi!' Ni mimi yule!"

"Nilidhani ni mimi!" Mama alisema. "Miaka yote hii nimejilaumu bure!"

Walicheka mpaka machozi yakawatoka. Binti akavua visikizio, akaongeza sauti ya simu yake yenye hadithi, akaiweka juu ya cherehani.

"Tuanze mwanzo," alisema. "Mjomba, usikate. Tusikilize wote."