Wajomba Wamefungiwa Njoro

"Fungua hiyo kamba, Oduor. Nakuomba."

"Siwezi, Cherono."

Cherono alikuwa amejibanza nyuma ya jikoni kwao Keringet, simu sikioni, machozi yakimtiririka. Sebuleni walikaa wazee wa ukoo, waliokuja kwa koito, kuwasikiliza wajomba zake Oduor wakimposa. Chai imenywewa, maziwa ya mursik yamemiminwa, wageni hawaonekani. Baba yake, Mzee Kiprotich, ambaye tangu mwanzo hakumtaka huyo kijana wa mjini, alikuwa ametangaza kwamba mbio zikiisha wazee wanaondoka. Na wakiinuka, hawataketi tena kwa jambo hilo.

Mbio zenyewe ndizo zilizoharibu kila kitu. Nakuru ilikuwa mwenyeji wa Michezo ya Bara, na leo ilikuwa zamu ya marathoni. Mzee aliichagua siku hiyo makusudi, ukoo mzima umtazame Kiplimo, kaka yake Cherono, kwenye televisheni. Kwa ile furaha yake hakukumbuka kwamba barabara ya Kiplimo ndiyo hiyo hiyo ya wageni. Oduor, aliyejitolea kusaidia michezo, alipangiwa jana kufunga njia kwa kamba pale Njoro. Aliwahimiza wajomba zake watoke alfajiri, lakini Mjomba Odero akachelewa akihangaika na suti.

"Mjomba amenitusi mbele ya watu," Oduor alisema, sauti ikimkatika. "Anasema gari moja haiwezi haribu mbio. Lakini Kiplimo ako karibu sana. Nikifungua, gari inakutana na yeye kwa kona."

"Na mimi je?"

Cherono alikata simu. Alitaka kumchukia, akashindwa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

Kwenye koito msichana haendi mbele ya wazee mpaka aitwe na kuulizwa kama anawataka wageni hao. Cherono aliingia hivyo hivyo, macho mekundu.

"Wewe hujaitwa," mzee mmoja akamwambia.

"Najua, mzee. Lakini mkiondoka, mimi nimekwisha." Akamgeukia baba yake na kunyoosha kidole kwenye televisheni. "Wageni wako hapo Njoro, baba. Wamefungiwa barabara."

"Na nani?"

"Na Oduor mwenyewe. Wajomba wamemtusi, na bado amekataa kufungua, ndio Kiplimo apite salama."

Mzee Kiprotich alitazama skrini. Kiplimo alikuwa anaikata ile kona peke yake, barabara tupu mbele yake, na pembeni kijana mwembamba amesimama ameishika kamba kwa mikono miwili. Wenzake walikuwa wameanza kutafuta kofia zao.

"Kaeni, wazee," akasema taratibu. "Tutawangoja, hata wakifika na giza."

"Na huyu tutamwita saa ngapi kumuuliza?" mmoja akataka kujua.

"Tusimwite. Ameshajibu."