Ndege wa Dirisha la Bluu

Harufu ya gundi ndiyo iliyotangulia. Ilikuwa saa tisa mchana, jiko la karakana halijawashwa tangu asubuhi, kopo la gundi limekauka na kushikana na kijiti chake, na bado chumba kizima kilinukia gundi ya moto kana kwamba mtu ametoka kuikoroga sasa hivi. Fundi alitazama kopo, akatazama jiko, kisha akarudi kwenye msumeno wake. Zilikuwa zimepita wiki sita tangu amzike mkewe, na mtu wa namna hiyo hunusa mengi yasiyokuwepo.

Kazi yao, kutengeneza picha za vipande vya kuunganisha, ilikuwa ya watu wawili. Mke alichagua nakala za michoro, akazibandika kwenye ubao mwembamba na kuzikandamiza mpaka kisibaki kiputo cha hewa hata kimoja. Mume alizikata kwa msumeno mwembamba kama uzi, kipande kimoja kimoja, bila kuchora mstari, kwa jicho tu. Kisha mke aliviunganisha vipande vyote mezani kuhakikisha hakuna kilichopungua, ndipo wakavivunja na kuvitia kwenye kasha kwa ajili ya mteja, ambaye angekaa nyumbani kwake siku tatu akihangaika kuirudisha picha ile ile. Mke alikuwa akisema hajawahi kuona watu wanaolipia usumbufu kwa furaha kama wale.

Katika kila picha kulikuwa na kipande kimoja chenye umbo la ndege. Fundi alianza kumkata ndege huyo binti yao alipozaliwa. Sasa binti alikuwa na miaka tisa, na kwa jinsi mdomo wake usivyojua kupumzika, walimwita Chiriku.

Karakana ile fundi aliirithi kwa baba mkwe wake, pamoja na mwiko mmoja: picha isilale na pengo. Kipande kikipotea, ama uvunje picha yote, ama ukate kingine siku hiyo hiyo. Mzee hakuwahi kueleza sababu. Fundi alidhani ilikuwa mbinu tu ya kuwafanya vijana wa kazi wafagie vizuri.

Siku aliyofariki, mkewe alikuwa akiunganisha picha ya nyumba nyeupe yenye dirisha la bluu. Kilikuwa kimebaki kipande kimoja, ndege wa dirishani, na hakikuonekana. Aliinama chini ya meza kukitafuta, akakaa huko muda mrefu kuliko kawaida, na hakuinuka tena. Daktari alisema moyo wake ulikuwa na ugonjwa wa siku nyingi usiobisha hodi. Kipande chenyewe hakikupatikana, ingawa baada ya mazishi fundi alichekecha vumbi lote la mbao kwa vidole vyake.

Picha hakuivunja. Angeivunjaje? Kila kipande kilikuwa pale mikono ya mkewe ilipokiweka. Aliifunika kwa kitambaa cheupe, akaiacha mezani na pengo lake.

Baada ya harufu ikaja sauti, ya vipande vya mbao vikikorogwa ndani ya kasha, taratibu, kama alivyokuwa akivikoroga mkewe akitafuta vya pembeni. Siku iliyofuata, saa ile ile ya tisa, mtu aliguna wimbo bila maneno. Siku ya tatu fundi alipiga moyo konde, akakifunua kitambaa.

"Umekonda," ilisema sauti ya mkewe kutoka kwenye pengo.

Mtu mwenye akili zake angekimbia. Fundi alivuta kiti.

Sauti haikumwomba mengi. Ilisema kule iliko inasahau, basi amsimulie walivyokutana. Fundi akamsimulia: kituo cha basi, mvua, mwavuli mmoja uliovunjika mbavu, na msichana aliyecheka mpaka basi likawaacha wote wawili. Kesho yake akasimulia siku ya harusi. Keshokutwa, usiku Chiriku alipozaliwa. Kila alasiri alitoka karakana akiwa mwepesi, na wepesi huo aliuita faraja.

Mama mkwe, aliyehamia pale tangu msiba ili amwangalie mjukuu, ndiye aliyegundua. Walikuwa mezani wakila, akakumbusha habari ya ule mwavuli. Fundi akauliza mwavuli gani. Mama mkwe alicheka, kisha akaacha kucheka. Akamuuliza gauni la harusi lilikuwa la rangi gani. Fundi alijipapasa moyoni kama mtu anayepapasa mfuko ambao asubuhi ulikuwa na funguo, na hakukuta kitu. Alijua alikuwa na mke, na kwamba alimpenda. Mengine yalikuwa yamekwenda.

Hata hivyo alasiri ile alirudi karakana. Nisimfichie, alirudi.

Chiriku naye alikuwa amenyamaza. Mtoto aliyekuwa akiongea hata na kijiko sasa alipita nyumbani kimya, mkono mmoja daima mfukoni. Watu wazima walisema ni huzuni, wakamwachia muda. Hakuna aliyemuuliza kilichokuwa mfukoni.

Siku moja fundi alikwenda kumpelekea mteja kasha lake, akarudi saa tisa na dakika chache. Mlango wa karakana ulikuwa wazi. Chiriku alikuwa amesimama mezani, kitambaa kiko chini, na sauti ya mama yake ikizungumza naye kwa upole, upole ule wa kumbembeleza mtoto anywe dawa.

"Unajua kipande changu kilipo. Nilikuwa nakitafuta, si unakumbuka? Njoo tukitafute wote. Ingiza mkono, mwanangu."

Na mtoto alikuwa akiuingiza, vidole kwanza, kisha kiganja, kupitia tundu ambalo halikutosha hata kidole gumba na ambalo chini yake kulikuwa na meza ya mninga nene kama tofali, mkono ukizama mpaka kwenye kiwiko bila kugusa chochote, na fundi akakimbia, akamshika kiunoni akamvuta, na alipoinama kumvuta akaona kwa mara ya kwanza kilichokuwa dirishani: uso wa mkewe, lakini uliounganishwa, jicho moja la msichana wa kituo cha basi bado lina matone ya mvua, jicho jingine la usiku wa uzazi, jekundu kwa uchovu, mdomo wa siku ya harusi ukitabasamu peke yake, mistari ya msumeno ikipita katikati ya yote, na pale ambapo alikuwa hajasimulia kitu bado hapakuwa na uso, palikuwa na giza lililojongea.

Alimtoa mtoto. Mkono ulikuwa baridi, umejaa vumbi la mbao.

Fundi alipomweleza, mama mkwe hakupoteza muda kuuliza maswali. Alitoka, akarudi na mganga, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, ambaye kwanza aliomba kuelezwa jinsi kazi inavyofanywa. Alisikiliza yote, akapapasa meza kwa chini, akakuta mbao tupu.

"Huyu si mkeo," alimwambia fundi kwa sauti ya chini. "Ni jini. Limekuta nyumba ina mlango wazi na mwenye nyumba analia. Unalolisimulia linalichukua, nawe hubaki nalo. Sasa linamtaka mtoto, maana yeye anamkumbuka mama yake zaidi yako."

"Likitolewa, yatarudi?" fundi aliuliza.

"Hayarudi, baba. Liliyokwisha kula limekula."

Fundi alilia hapo, waziwazi, mbele ya mama mkwe. Kisha akafanya kazi anayoijua. Aliweka karatasi juu ya pengo, akasugua penseli mpaka umbo la ndege likatokea, akalibandika kwenye salio la ubao ule ule, akakata. Hakuwahi kukata vizuri kama siku ile. Alipokiweka kipande mahali pake, kilidumbukia. Wote wanne walisubiri kusikia kikianguka. Hawakusikia kitu.

"Linakikataa," alisema mganga. "Ni kile chenyewe tu."

"Ninacho mimi," alisema Chiriku.

Alitoa mkono mfukoni. Ndege wa bluu alikuwa amelowa jasho, kingo zake zimelainika kwa kushikwa wiki zote hizo. Alieleza huku akitazama sakafu. Kila picha alikuwa akimficha ndege ili awe yeye wa kuweka kipande cha mwisho. Siku ile pia. Mama aliinama kutafuta, naye alikuwa nyuma ya mlango, anacheka. Aliendelea kucheka muda mrefu.

Mganga alimsukuma taratibu kuelekea mezani. Mtoto alipiga hatua mbili, na dirishani sauti ikasema, bila upole tena, "Wewe ndiye uliyeniua."

Chiriku alisimama, na hapakuwa na wa kumsogeza.

Fundi alijua la kumwambia. Ndilo pekee alilokuwa amelificha, la mwisho kabisa. Alilibakiza kama mtu anavyobakiza mafuta kidogo ya taa. Mganga aliusoma uso wake, akamnong'oneza kwamba chochote kitakachosemwa mbele ya pengo kitakwenda.

"Yeye atabaki nacho?" fundi aliuliza, akimwonyesha binti.

"Aliyesikia atabaki nacho. Msemaji ndiye anayepoteza."

Fundi alipiga magoti mbele ya mtoto.

"Mama yako alikuwa anajua," alisema. "Kila picha. Ulikuwa ukimchukua ndege, ananikonyeza, halafu anainama kutafuta pale anapojua hayupo, ili akusikie unavyocheka. Siku ile pia alinikonyeza. Hakuinama kwa sababu ulimsumbua. Aliinama kwa sababu alikuwa anacheza na wewe, na kicheko chako alikuwa anakisikia."

Alihisi yakimtoka neno kwa neno, kwanza chini ya meza, kisha kicheko, kisha lile jicho likikonyeza. Alipomaliza alikuwa amepiga magoti mbele ya mtoto anayelia na hakujua kwa nini analia, ila alimfuta machozi, maana ni binti yake.

Chiriku alikwenda mezani. Sauti ilimwita kwa jina lake la utani, kisha ikalia, na kilio hicho kilikuwa cha mama yake kabisa. Akamweka ndege dirishani, akambonyeza kwa kidole gumba. Kulisikika tik ndogo, na harufu ya gundi ikakatika.

Picha ile haikuvunjwa. Waliigundisha yote kwenye ubao mzito na kuitundika ukutani, dirisha la bluu likiwa limefungwa. Mama mkwe alirudi kwake. Siku hizi Chiriku ndiye anayebandika michoro baada ya shule, na mdomo wake umerudi, ingawa si wote. Bado anamficha ndege. Baba yake humtafuta kwa dhati, chini ya meza, nyuma ya jiko, mpaka anakasirika.

Jana Chiriku alimrudishia kipande, akamwambia kwamba mama alikuwa anajua kila mara.

Fundi alisimamisha msumeno. "Kweli? Nani kakuambia?"

"Mtu mmoja aliyekuwepo," alisema Chiriku.

Fundi aliwaza kidogo, akatabasamu. Akavuta kiti, akamwomba amsimulie vizuri, tangu mwanzo, na mtoto akamsimulia.